Jiwe 58, Kanisa 31

Nyamitanga, Mbarara
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu,

Habari za huko sizijui, basi nikupe za huku. Mama ni mzima, goti tu linamsumbua akipanda kutoka bondeni na maji. Yule mbuzi uliyemwacha na mimba alizaa mapacha. Mimi niko mwaka wa pili wa diploma, kozi ya upimaji wa ardhi, na nimekaa kukuandikia kwa sababu nina furaha na nina hasira, na vyote viwili vinakuhusu.

Nianze na nyimbo. Siku ya kukuzika mchungaji aliniuliza, "Mtoto wa kwanza, baba alipenda nyimbo gani?" Nikamwambia asubiri. Nikachukua kitabu chako cha nyimbo, nikafungua jalada la nyuma, nikakuta umeandika kwa kalamu ya bluu: Jiwe 58, Kanisa 31. Maneno hayo nilikuwa nayajua tangu utoto. Tukienda shambani, wewe mbele na jembe, mimi nyuma na bidoni ya maji, ulikuwa unaniuliza bila kugeuka: "Jiwe?" Nami najibu, "Hamsini na nane." "Kanisa?" "Thelathini na moja." Nikajua tu ni nyimbo zako mbili, mmoja wa mwamba, mwingine wa kanisa. Basi nikampa mchungaji namba.

Thelathini na moja ulikuwa wimbo wa mavuno, ukapita. Hamsini na nane ni wa harusi, Baba. Ule wa kumwingiza bibi harusi kanisani. Kwaya walitazamana, mchungaji akanitazama, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayejua anachofanya. Waliuimba beti zote nne, na mama mmoja wa kwaya akapiga vigelegele kwa mazoea kisha akajiziba mdomo. Kuna watu kule kwetu Juru mpaka leo wanaamini ulikuwa na imani ya kina sana. Sijawasahihisha.

Sasa chuo. Najilipia mwenyewe, hakuna mkono wa mtu. Kila asubuhi nakaanga mandazi mia moja na ishirini hapa Nyamitanga, nayauza getini, na saa mbili kamili niko darasani nanuka mafuta. Wananiita Injinia Mandazi. Nilipokuwa naondoka nyumbani, shemasi mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Furaha, unaenda kusomea kupima ardhi, ardhi yenyewe unayo fasi gani, iko wapi?" Wakacheka. Nikamwambia fundi cherehani naye hupima viuno visivyo vyake. Wakacheka zaidi, lakini swali lile lilinikaa kooni mpaka tukafika kwenye somo la sheria.

Mwalimu wa sheria ya ardhi aliandika ubaoni aina zote za umiliki wa ardhi Uganda, nne, akazieleza vizuri moja moja. Nikanyoosha mkono. Nikasema mwalimu, mimi natoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, baba yangu alilima kipande kimoja tangu nikiwa mtoto wa mgongoni, sisi tuko kwenye namba ngapi hapo? Akafikiri. Akasema hatumo kwenye hizo nne. Tuna haki ya kutumia, si ya kuuza wala kukodisha. Nikaandika. Nikapiga mstari chini, nao ukatoboa karatasi. Miaka yote ile ya jembe lako, na jibu linaenea kwenye mstari mmoja wa daftari. Lakini aliongeza kitu kingine, ndicho kilichonirudisha kitini: anayetumia bila kumiliki ndiye anayehitaji zaidi mpaka wake ujulikane, maana hana hati ya kumtetea. Ana alama tu. Nikakukumbuka wewe na kamba yako ya mafundo, uliyowapimia majirani mipaka.

Hapo nina lalamiko la kwanza. Siku zote ulinipa ncha ya kamba. Wewe unahesabu mafundo, wewe unaongea na majirani, mimi nasimama juani nimeshika ncha, na unanipigia kelele, "Weye mtoto, usisogee hata kidogo!" Nilijiona kigingi. Basi wiki ya pili ya chuo tulipelekwa uwanjani, na mwalimu wa upimaji akauliza nani mtu muhimu kati ya anayesoma mashine na anayesimama na fimbo kwenye alama. Wote tukasema wa mashine. Akasema hapana, wa mashine akikosea anasoma tena, lakini yule kwenye alama akisimama vibaya, kila hesabu inayofuata ni takataka. Ungenieleza, Baba. Ningesimama kwa raha.

Sasa nikueleze yaliyotokea kwa mama Spesioza, jirani yetu, maana hilo ndilo la barua hii.

Miezi kadhaa baada ya wewe kuondoka, katapila lilikuja kuchimba mtaro wa barabara, likang'oa lile jiwe la kona ya chini kati ya shamba letu na lake, likalitupa kwenye rundo la mawe. Mama akapigilia kigingi chake anapokumbuka. Mama Spesioza akapigilia chake. Kati ya vigingi viwili mita tatu na sentimita sitini. Kona ya juu haina shida, kwenye ule mwamba ambapo watoto wanateleza, haukuhama. Kwa hiyo ugomvi ulikuwa wa pembetatu, nyembamba juu, pana chini. Ukipanda maharage ni mistari saba kwenye upana. Kwa mistari saba hiyo walikuwa hawasalimiani.

Ila mimi na wewe tunajua kwamba haukuwa ugomvi wa maharage. Ulikuwa wa sahani.

Naiandika yote ili iwe wazi kati yetu. Nilikuwa na miaka tisa. Mama Spesioza alikuwa amefika kutoka Burundi, amepewa kipande kando yetu, na alikuwa anabatiza mtoto. Akaazima sahani kubwa ya Mama, ya maua ya bluu, ile aliyoibeba kichwani imefungwa kwenye kitenge kutoka Uvira, kule Kongo, ambayo hata sisi tuliiona Krismasi tu. Kesho yake akairudisha, na kama ilivyo desturi hakuirudisha tupu, alitia ndizi mbivu. Nilikuwa peke yangu nyumbani. Nikazila ndizi zote nimesimama mlangoni. Kisha nikaenda kuiosha sahani, vidole vikiteleza kwa utamu wa ndizi, ikaniponyoka juu ya jiwe la kunolea panga. Ukanikuta nimechuchumaa na vipande. Hukunipiga. Ulisema, "Niachie mimi. Usiseme kitu." Ukavikusanya kwenye shati lako, ukatoka.

Mama aliporudi akauliza, sahani yangu haijarudi? Nikasema sijaiona. Na wewe ulikuwa umekaa pale pale, Baba, unakoroga uji. Ukaendelea kukoroga.

Hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Mimi nilikuwa mtoto mwenye tumbo limejaa ndizi na uoga. Wewe ulikuwa mtu mzima. Mama Spesioza aliapa kwamba alimpa mtoto mkononi, na Mama akamjibu bombani, mbele ya foleni nzima, kwamba mtoto wake hasemi uongo. Baadaye ukasema utanunua nyingine. Baadaye ukasema Mama atasahau. Mama hakusahau. Katapila lilipong'oa jiwe, jambo la kwanza alilosema ni kwamba mtu aliyekula sahani hashindwi kula shamba.

Basi muhula huu tukapewa kazi ya vitendo: tafuta kona iliyopotea, irudishe kwa ushahidi, andika ripoti. Wenzangu wakachagua viwanja vya hapa mjini. Mimi nikachagua kona yetu. Sitakudanganya kwamba nilikwenda kutafuta haki. Nilikwenda kumrudishia Mama mistari yake saba, nikidhani hiyo itanipunguzia deni la sahani.

Na ushahidi wenyewe nilijua ni kitu gani. Darasani mwalimu alisema jiwe la mpaka lang'oka, kwa hiyo wapimaji wa zamani walizika shahidi chini yake, makaa au chupa zilizovunjika, kitu kisichooza na kisichoweza kufika hapo chenyewe. Niliweka kalamu chini. Nikawaona wazee wa kanisa sebuleni kwetu, na wewe umekaa kwenye kigoda kama mshtakiwa, kwa sababu mtu alikuona unafukia makaa kwenye mpaka wa jirani wa upande ule wa bonde. Walisema unazika dawa. Walikuzuia meza ya Bwana miezi mitatu. Wewe ukawa unaeleza kwamba makaa hayaozi, wao wakawa wanaulizana mganga ni nani. Tangu siku hiyo ukawa unazika peke yako, bila kumwambia mtu. Baba, ulichofungiwa kanisani mimi nakifanyia mtihani. Niliandika hivyo pembeni ya daftari, na Doreen aliyekaa karibu nami akaona ninacheka peke yangu.

Doreen ni mwenzangu wa kikundi, Mnyankore wa hapa Mbarara, mcheshi, hajawahi kushika jembe. Nilikuwa na swali moja tu: nichimbe wapi? Nikamweleza habari ya namba zako na msiba na wimbo wa harusi. Alicheka mpaka machozi, kisha akajifuta macho. Akasema, "Furaha, lakini kwenu pale si kuna jiwe? Na kanisa si liko?"

Nilikaa kitako kwenye nyasi. Miaka yote ile ulikuwa unanikaririsha umbali wa ile kona, mafundo kutoka mwamba na mafundo kutoka kanisani, nami nikakuzika kwa wimbo wa bibi harusi.

Nikaenda nyumbani kuchukua kamba yako. Bado inaning'inia jikoni juu ya moshi. Nikaipima kwa tepu: mafundo ishirini na matano, mita kumi na tisa na sentimita sabini na tano, kwa hiyo kila fundo sentimita sabini na tisa. Nikailowesha, nikapima tena, ikapungua sentimita thelathini na moja. Ndiyo maana ulikuwa hupimi baada ya mvua. Mimi nilidhani unapumzika. Hamsini na nane mara sabini na tisa ni mita arobaini na tano, themanini na mbili. Thelathini na moja mara sabini na tisa ni mita ishirini na nne, arobaini na tisa. Nilizihakiki mara mbili ingawa sikuhitaji.

Jumamosi tukashuka kwenye gari pale Rwekubo, tukapanda baiskeli mpaka Juru, Doreen akiwa amekaa nyuma na tepu mbili shingoni kama skafu. Mashine ya chuo haitolewi nje, tepu zilitosha. Mama alikuwa amepika wali na kuku. Alikuwa amewatangazia watu. "Mwanangu amesomea," anawaambia, "leo mutaona." Mwenyekiti wa kijiji alikuja na kiti chake. Mama Spesioza alisimama upande wake wa shamba, na yule mtoto aliyebatizwa siku ile, sasa kijana ambaye sauti imeanza kuvunjika, amesimama nyuma yake.

Doreen akashika mwanzo wa tepu juu ya mwamba, mimi nikaenda na mwisho wake, nikachora upinde kwenye udongo kwa msumari. Kisha akaenda kwenye kona ya msingi wa kanisa, nikachora wa pili. Pinde mbili hukatana mara mbili. Pa kwanza palikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye choo cha mwenyekiti, tukapaacha. Pa pili niliona kabla sijamaliza kuchora. Mita tatu na sentimita arobaini kutoka kigingi cha Mama. Sentimita ishirini tu kutoka cha mama Spesioza.

Baba, ningeweza kuusogeza msumari. Hakuna aliyejua pinde zile zina maana gani isipokuwa Doreen, na Doreen alikuwa mbali. Mita tatu na nusu ni hatua nne za mtu mfupi. Mama ananitazama, kitambaa chake kipya kichwani. Nikajisikia niko mlangoni tena na ganda la ndizi mkononi, nasema sijaiona. Halafu nikakusikia wewe: usisogee hata kidogo. Nikasimama pale pale, nikasema, "Tuchimbe hapa."

Mama akasema, "Furaha. Hapo?"

Nikasema hapo.

Kijana wa mama Spesioza alichimba. Shibiri moja, hakuna kitu. Shibiri ya pili udongo ukabadilika, ukawa mweusi, makaa yakatoka mazima kama ya jana. Mwenyekiti akarudisha kiti nyuma kidogo. Nikawaeleza upesi kwamba ni alama, inafundishwa chuoni, ipo kwenye kitabu. Kisha jembe likalia kama limegonga kikombe. Nikashuka shimoni kwa magoti, nikafuta udongo kwa kidole gumba, nikaona ua la bluu.

Hukuniambia ulivipeleka wapi. Kumbe ulihitaji kitu kisichooza, na ulikuwa nacho kwenye shati.

Vilikuwa vipande vinane. Nilivipanga juu ya nyasi kwa mpangilio wake, na sahani ikawa karibu nzima. Mama aliinama taratibu kwa sababu ya goti. "Njo sahani yangu hii," akasema. "Ilifika huku namna gani?"

Nikasema mimi ndiye niliyeivunja. Nikasema mama Spesioza aliirudisha kesho yake, alinipa mkononi, nikadanganya, na Baba akaja kuifukia hapa. Nilisema kwa mfululizo kama ninayesoma vipimo, maana ningepumua ningelia.

Mama Spesioza ndiye aliyeongea kwanza. "Mimi nilisema," akasema polepole. "Mama Furaha, mimi nilikwambia. Na ndani nilitia ndizi tano."

"Sita," nikasema. "Nilizila zote."

Kisha Doreen, aliyekuwa amebaki kanisani kukunja tepu na ndiyo kwanza anafika anahema, akauliza, "Kumbe sisi tumekuja kupima sahani?" Mwenyekiti akaanza kucheka, anajizuia, kiti kinalia. Mama Spesioza akaziba uso kwa kanga, mabega yanatikisika, sikujua analia au anacheka, nadhani vyote. Mama akabaki kunitazama.

"Na baba yako alijua?"

"Alijua."

"Miaka kumi na tatu," akasema. "Miaka kumi na tatu tunakula mu sahani za plastiki, ule mwanaume ananiangalia tu, anasema maharage leo iko tamu. Ngoja nimukute huko." Ndipo naye akacheka. Kwa hiyo jiandae, Baba. Mimi nimekwisha kusamehewa, nilipewa adhabu ya kupalilia shamba la mama Spesioza msimu mzima, kila Jumamosi. Ya kwako inakusubiri, na Mama si mtu wa kusahau, unamjua.

Mistari saba imekwenda. Kwa hesabu yangu karibu mita za mraba sabini na nane. Mama hakubisha hata neno. Alimwendea mama Spesioza, akamshika mikono yote miwili, wakazungumza chini chini, sikusogea kusikiliza. Jioni hiyo walikula kuku pamoja. Kesho yake mama Spesioza akatuletea sahani ya plastiki imefunikwa, na ndani ndizi. Mama alizihesabu mbele yangu. Sita.

Tumeweka jiwe jipya kwa zege, na makaa yako yamerudi chini yake pamoja na vipande saba. Mama Spesioza amepanda minyaa ya uzio mstari mzima mpaka kwenye mwamba, kama wanavyofanya kwao. Inashika vizuri.

Ripoti nimepata themanini na tatu. Ilikuwa iwe themanini na tano, lakini mwalimu amenikata mbili. Niliandika kwamba vilivyopatikana ni vipande vinane na vilivyorudishwa ni saba, naye akazungushia kwa wino mwekundu: Kimoja kiko wapi? Ni swali la haki. Sikwenda kudai alama zangu, maana jibu sikutaka kuliandika kwenye karatasi ya chuo. Nakuandikia wewe.

Msalaba wako wa mbao mchwa wameumaliza. Nilifika makaburini nikakuta mahali pako panakaribia kufanana na pa wengine, nikaogopa. Basi nimefukia makaa kwenye pembe nne, na kichwani pako, shibiri mbili chini, kipande cha nane, kile chenye ua zima. Nikapima kwa kamba yako, kavu, kutoka mwamba na kutoka kanisani. Pale una haki ya kutumia tu, kama sisi wengine, lakini alama unayo.

Lala salama, Baba. Ninakuahidi nitakuja kila msimu kuhakiki, na huko niendako, nikimpa mtoto wangu namba nitamwambia ni ya nini. Nimeanza tayari, kwenye jalada la kitabu chako, chini ya maandishi yako ya bluu: Jiwe 214, Kanisa 187. Na pembeni yake, ili kwaya wasipate shida, nimeandika: si nyimbo, ni Baba.

Mwanao aliyekula ndizi sita,
Furaha